Hewa ya Nairobi si ya Mombasa

Jamani, nyinyi wa simulesheni za rejeta mnatuchezea! Mtu anakesha siku tatu akichora vile vibati vyembamba vya rejeta, halafu hewa anaipa namba ya vitabuni: kilo 1.2 kwa mita moja ya ujazo. Hiyo ni hewa ya Mombasa, ndugu yangu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Joto likiwa nyuzi 25, hewa yake ni kama kilo 0.96. Feni itavuta ujazo uleule, lakini hewa hiyo nyepesi inabeba joto pungufu kwa karibu moja ya tano. Kisha tunaletewa picha za rangi, eti rejeta inatosha. Inatosha wapi? Fungua OpenFOAM yako, weka presha ya paskali 82,000, uiache programu ikokotoe uzito wa hewa kwa kanuni ya gesi. Rangi baadaye.