Uzito wa kosa hauongezi umri wa mtoto

Kila mvulana wa miaka 15 au 16 anapokamatwa kwa tuhuma za mauaji huku kwetu, iwe Elburgon, Molo au Njoro, wito huwa ule ule: kama ameweza kutenda la mtu mzima, na ashtakiwe kama mtu mzima. Hasira hiyo ninaielewa. Aliyefiwa hapimi uchungu wake kwa cheti cha kuzaliwa cha mshukiwa. Tatizo ni kwamba wito huo unazungumza kana kwamba Kenya haijawahi kufanya hivyo, ilhali tayari inafanya nusu yake. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na kumhusu aliye kati ya miaka 12 na 14 ikaweka dhana kwamba hana uwezo wa kutenda jinai mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kinyume. Hata hivyo iliacha milango miwili ya zamani wazi. Mahakama ya Watoto haina mamlaka ya kusikiza shtaka la mauaji, wala shtaka lolote ambalo mtoto anakabiliwa nalo pamoja na mtu mzima.

Mlango huu wa pili haujadiliwi sana, nami nauona mbaya kuliko ule wa kwanza. Tuseme wavulana wawili wa miaka 16 wanashtakiwa kwa wizi wa mabavu. Wa kwanza alipanga uvamizi mwenyewe, akautekeleza mwenyewe. Kesi yake itakwenda katika Mahakama ya Watoto. Wa pili alichukuliwa na jirani wa miaka 23 aliyemwambia asimame mlangoni alinde. Huyu wa pili ndiye atakayepelekwa kwa wakubwa, asimame kizimbani bega kwa bega na mtu aliyemtuma na ambaye huenda bado anamwogopa. Katika mpangilio huo hakuna anayeuliza mtoto alifanya nini. Kinachoulizwa ni alikuwa na nani. Na umri wenyewe mara nyingi haujulikani kwa hakika. Mtoto asiye na cheti hupimwa na daktari kwa meno na mifupa, na makadirio hayo ndiyo yanayoamua iwapo ana miaka 17 au 18.

Matokeo ya mlango wa kwanza tumeyaona. Tarehe 2 Septemba 2017 moto uliteketeza bweni la Shule ya Wasichana ya Moi, Nairobi, na wanafunzi 10 wakafa. Mwanafunzi wa miaka 14 alishtakiwa kwa mauaji, kwa hiyo kesi ikaenda Mahakama Kuu. Kanuni zilizoambatana na Sheria ya Watoto ya 2001, ambazo ndizo zilizotumika wakati huo, zilitaka kesi ya mtoto katika mahakama ya ngazi hiyo imalizike ndani ya miezi 12. Adhabu ilitolewa 2022. Mahakama ilikuwa imeona kwamba kosa lilikuwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka 5, na wakati huo aliyeingia kizimbani akiwa mtoto alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Kabla ya hapo, Kyanguli kule Machakos, walikoteketea wanafunzi 67 mwaka 2001, kesi ya wanafunzi wawili waliodaiwa kuwasha moto ilivunjika bila hukumu. Anayedhani kwamba mahakama ya wakubwa inawapa wafiwa haki zaidi aziangalie kesi hizi mbili: wazazi walisubiri miaka mingi, na wa Kyanguli hawakupata jibu kabisa.

Nje ya Kenya, nchi iliyoujaribu wito huu kwa upana ni Marekani, ambako majimbo mengi yalirahisisha kuwapeleka vijana katika mahakama za watu wazima katika miaka ya 1980 na 1990. Mwaka 2007 jopo la wataalamu lililofanya kazi na CDC, taasisi ya serikali ya huko ya kudhibiti magonjwa, lilipitia tafiti zilizokuwapo na kubaini kwamba waliohamishwa walirudia uhalifu wa mabavu zaidi kuliko wenzao waliobakizwa katika mfumo wa watoto. Mtu anaweza kusema magereza ya Marekani si yetu. Kweli, lakini yetu yamefurika, na kijana anayelala miaka kadhaa kati ya wahalifu waliokomaa hahitaji kuwa Mmarekani ili ajifunze kwao.

Wapo wanaojibu kwamba magenge huwatumia watoto kwa sababu yanajua sheria itawahurumia. Nakuru mjini, ambako genge la Confirm limetajwa kwa miaka kadhaa, hofu hiyo si ya kubuni. Lakini tazama inakoelekea: tunamwadhibu zaidi aliyetumwa kwa sababu mtumaji ni mjanja. Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya 2010 ipo, na kumwingiza mtoto katika genge kungepaswa kumwongezea mtu mzima adhabu bila huruma. Isitoshe, msajili wa genge hutafuta kwanza kijana asiye na shughuli. Elburgon tunalijua hilo tangu marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 ilipovinyima viwanda vya mbao magogo, na vijana waliokuwa wakipata kibarua humo wakabaki barazani.

Hoja iliyo nzito kweli ni ya adhabu. Taasisi za Borstal, kama Shikusa na Shimo la Tewa, humpokea kijana kwa muda usiozidi miaka 3. Kwa mtu wa miaka 17 aliyeua kwa kupanga, miaka 3 ni kejeli, na sioni aibu kuwaunga mkono wafiwa katika hilo. Zamani aliyeua akiwa mtoto aliwekwa kizuizini kwa ridhaa ya Rais, bila tarehe ya kutoka, hadi Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alipotangaza mwaka 2017 kwamba utaratibu huo unakiuka Katiba. Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka mtoto azuiliwe kama hatua ya mwisho, kwa muda mfupi unaofaa, mbali na watu wazima. Muda unaofaa kwa mauaji unaweza kuwa miaka 8 au 10. Kinachokosekana ni mahali pa kuitumikia: taasisi inayoweza kumshikilia kijana hadi afike miaka 25, ikimsomesha na kumfundisha kazi, na mahakama ikipitia hali yake kila mwaka, familia ya marehemu ikisikizwa kama Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inavyoruhusu. Bunge likishaunda taasisi hiyo, liipe Mahakama ya Watoto kesi za mauaji pia, chini ya jaji, na kuitenga kesi ya mtoto na ya mtu mzima aliyekamatwa naye. Muda wa kumaliza kesi hizo uandikwe ndani ya sheria yenyewe, na Idara ya Mahakama itoe hesabu kila mwaka ya kesi zilizoupita.