Kipande si zawadi ya Rais



Ijumaa iliyopita tulikaa vijana wa Pwani kando ya bahari, chini ya minara, tukabishana. Mmoja akasema serikali ya Kenya inastahili pongezi kubwa kwa kuwapa vipande Wamakonde na Wapemba. Mimi nasema pongezi zipo, lakini maswali ni mengi zaidi.

Tutazame historia. Wamakonde walitoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu wakazaliwa Kwale, wakazikana Kwale, lakini wakahesabiwa wageni. Wapemba nao, wavuvi hodari, walikosa hata leseni ya uvuvi kwa kukosa kipande.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na uraia walioishi Kenya tangu uhuru. Miaka mitano ikapita, Wamakonde wakingoja. Oktoba 2016 wakatoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Hapo ndipo akaamuru wapewe vipande kabla ya Desemba. Washona walisubiri tangazo la Sikukuu ya Jamhuri 2020. Wapemba walisubiri hadi 2023, chini ya Rais William Ruto. Na ule mlango wa sheria? Baada ya kuongezewa miaka mitatu, ulifungwa Agosti 2019.

Je, mnaona tatizo? Sheria ililala, miguu ya wanyonge ikaiamsha. Haki ikigawiwa kwa hotuba, kabila dogo lisilo na mbunge wala kura litafikiwa lini?

Wapo watakaosema wageni watajipenyeza. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini dawa yake ni uchunguzi wenye muda maalum, sababu ya kukataliwa iandikwe, na njia ya rufaa iwepo. Si kumwambia ajuza alete kitambulisho cha babu yake!

Sisi hapa Qatar ni wageni na tunalijua hilo, ila tuna pasipoti na kwetu kupo. Mmakonde bila kipande alikuwa mgeni pale pale alipozaliwa. Hata kazi hizi za ulinzi tunazozilalamikia asingezifikia, maana pasipoti huanzia kwenye kipande.

Kwa hiyo mkienda likizo, na ninyi mlioko nyumbani, waulizeni wabunge wenu swali moja: mlango ule utafunguliwa lini tena, tena bila tarehe ya kufungwa?

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Wenzetu wamecheza kwao tangu enzi za mababu. Watuzwe kwa sheria, si kwa hisani.

Naomba kuwasilisha.