MADEREVA MATAJIRI NA ALMASI ZA KIMBERLEY

Wako wenzetu wasemao kwamba wale mabwana wa Kiingereza walioshindana kwa motokaa katikati ya vita vikuu viwili walikuwa watu wa anasa tu. Mimi sikubaliani nao. Wala sikubaliani na wale wawasifuo kana kwamba walishuka kutoka mbinguni pamoja na magari yao.

Mtazameni Bwana Woolf Barnato. Mashindano ya Le Mans, katika nchi ya Ufaransa, huenda saa 24, usiku na mchana, na siku zile madereva wawili walipokezana gari moja. Barnato aliyaingia mara 3, mwaka 1928, 1929 na 1930, akashinda mara zote 3. Mwaka 1928 fremu ya Bentley yake ilipasuka na maji ya rejeta yakapotea, lakini yeye na mwenziwe Rubin waliifikisha mwisho. Bwana W. O. Bentley, aliyeunda magari hayo, alimhesabu kuwa dereva bora kuliko wote aliokuwa nao, maana alitii amri. Hiyo si kazi ya mtu mvivu.

Basi ushujaa wake naukubali. Ninalouliza ni hili: nafasi aliipata wapi? Mwaka 1926 kampuni ya Bentley ilikuwa taabani kwa fedha, naye akaichukua, akawa mwenyekiti. Mwenye mali atanyimwaje usukani? Na mali hiyo aliachiwa na baba yake, Barney Barnato, aliyekwenda Kimberley, Afrika ya Kusini, mwaka 1873, akatajirika kwa almasi. Waliochimba ni Waafrika waliotoka mbali. Tangu miaka ya 1880 walifungiwa katika kambi zenye ua mrefu muda wote wa mkataba wao, wasiruhusiwe hata kutembea mjini. Walipomaliza walivuliwa nguo wakapekuliwa, kisha wakawekwa siku kadhaa chini ya ulinzi, isije ikawa wamemeza jiwe. Katika habari za Le Mans watu hao hawatajwi kamwe.

Mtaniambia, mtoto hachagui baba. Kweli, tena Woolf alikuwa hajatimiza miaka 2 baba yake alipokufa. Simlaumu yeye. Nawalaumu wasimulizi waanzao hadithi pale injini inapowashwa.

Tena hata katika kundi lenyewe mambo hayakuwa sawa. Kati ya madereva wa Bentley alikuwako mmoja, Frank Clement, aliyefanya udereva kuwa kazi yake ya mshahara. Wengi wa wenzake walikuwa na urithi. Yeye alikuwa na ujuzi wake tu. Wanaopenda kusimulia karamu za wale matajiri humpita upesi. Lakini ushindi wa kwanza wa Bentley katika Le Mans, mwaka 1924, ulikuwa wake yeye na John Duff, miaka 2 kabla Barnato hajaleta fedha zake.