Dereva anayelala kwenye lori si mlinzi wa bure

Usiku mmoja wa Julai, hapa Kapata, dereva mmoja Mtanzania alibisha kwenye lango letu. Lori lake lilikuwa limesimama pembeni ya njia kwa siku mbili. "Shikamoo mama," alisema, na mama yangu akacheka kidogo, maana sisi huku tunaamkiana kwa "jambo". Akaomba makala yenye moto, kidogo tu, kwenye kopo la bati alilokuja nalo mkononi.

"Makala ya kupikia, mwanangu, ao ya kulalia?" mama akamuuliza.

Dereva akanyamaza. Kolwezi iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,400, na usiku wa Julai baridi yake haina huruma. Alitaka kuweka kopo lile karibu na kiti, afunge vioo, alale. Mama hakumpa makala. Alimpa blanketi, chupa ya maji ya moto na sahani ya bukari na sombe. Asubuhi dereva alirudisha blanketi likiwa limekunjwa vizuri, akashukuru, akarudi kungoja zamu yake.

Nimekikumbuka kisa hicho mara nyingi, kwa sababu usiku ule mama alifanya kazi ambayo haikuwa yake. Kulikuwa na mwenye lori, mwenye mzigo na serikali iliyokuwa ikingoja ushuru wa mzigo ule. Lakini aliyehakikisha kwamba dereva anaamka akiwa hai ni mama mmoja wa Kapata.

Makala yanayowaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa na kulegea, na kwa kuwa tayari amechoka, hudhani ni usingizi tu. Kabini ya lori ni ndogo kuliko chumba chochote cha nyumba zetu, kwa hiyo sumu huijaza haraka. Kuacha kioo wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Kila dereva anayesoma hapa naomba alishike hilo kwanza: mbabula isiingie kabini, hata kama moto unaonekana umekwisha.

Wako watu duniani wanaolala ndani ya gari kwa starehe. Wawindaji na wapenzi wa porini huko Marekani na Ulaya hutandika godoro nyuma ya gari, hufunga mapazia, hupika chai asubuhi wakitazama milima. Wamechagua mahali, wamechagua usiku, na wakichoka wanarudi nyumbani. Dereva wa shaba hakuchagua lolote kati ya hayo. Analala pale foleni ilipomkuta.

Tupige hesabu kidogo. Congo sasa inatoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba kwa mwaka, na sehemu kubwa inachimbwa hapa Lualaba na kwa jirani zetu wa Haut-Katanga. Tukisema lori moja linabeba tani 30, na shaba yote ipite barabarani, hiyo ni safari 100,000 kwa mwaka. Kila siku, malori kama 270 yaliyojaa. Na hapo hatujahesabu kobalti inayotoka, wala asidi, chokaa, mafuta na mashine zinazoingia. Nyuma ya kila usukani kuna mtu anayehitaji kulala usiku huu.

Analala wapi? Kwenye barabara kuu, kutoka Kolwezi kupita Fungurume na Likasi hadi Lubumbashi, kisha Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, jibu ni lile lile: ndani ya lori. Anayekwenda Dar es Salaam ana Nakonde na Tunduma mbele yake bado. Parkingi za kulipia zipo, lakini nafasi ni chache, na mara nyingi pesa hutoka kwenye posho ya dereva mwenyewe.

Na hawezi kuliacha gari. Akienda kutafuta chumba, wezi watanyonya mafuta kwenye tangi, watachukua betri, watafungua turubai. Mzigo ukipungua, swali la kwanza huwa kwake: ulikuwa wapi? Wako wanaokatwa mshahara na wako wanaofukuzwa kazi. Kwa hiyo dereva anayelala kabini hapumziki. Analinda mali ya watu usiku, jicho moja wazi, na asubuhi anatakiwa aendeshe tani 30 katikati ya mabasi, pikipiki na watoto wanaokwenda shule. Mshahara wa ulinzi huo haupo kwenye mkataba wowote.

Februari 2019, karibu na Tenke, lori lililobeba asidi lilipata ajali na magari mengine, na watu takriban 20 wakafa, baadhi yao kwa kuunguzwa na asidi yenyewe. Sisemi kwamba dereva yule alisinzia. Sina ushahidi huo. Ninasema kwamba njia hii inabeba vitu ambavyo kosa la sekunde mbili halisameheki. Usingizi wa dereva ni jambo la kila mtu anayepanda basi kwenda Lubumbashi.

Mpaka nao una mambo yake. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache, baada ya Congo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje. Wakubwa walizungumza, mpaka ukafunguliwa, biashara ikaendelea. Madereva hawakuwa na hisa kwenye bia hiyo. Walichokuwa nacho ni dumu la maji linalopungua na kiti kinacholazwa kuwa kitanda. Mafahali wawili wakipigana, nyasi huumia.

Najua jibu litakalotolewa. Watasema malori ya kisasa yana kitanda nyuma ya kiti, na dereva mwenyewe anaipenda kabini yake kuliko gesti yenye kunguni. Ni kweli. Nimeona kabini zenye mapazia, redio na picha ya watoto, safi kuliko vyumba vya kupanga. Sipingi dereva kulala kwenye lori. Napinga kumfanya aishi humo, juma zima, mahali pasipo choo, taa wala maji, halafu tuite hali hiyo desturi ya kazi.

Tofauti hiyo imekwisha kuelezwa kisheria kwingine. Desemba 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba dereva wa lori hawezi kutumia mapumziko yake kamili ya juma, yaani saa 45, ndani ya gari. Mapumziko mafupi ya njiani yanaruhusiwa, iwapo gari lina kitanda cha kufaa na limesimama. Mahakama haikukataza kitanda cha kabini. Ilikataa tu kukiita nyumba. Na kobalti yetu inafika huko huko Ulaya, ndani ya betri za magari ambayo wanunuzi wake wanaambiwa ni safi.

Wengine watasema tungoje reli. Ni kweli njia ya reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, kupitia Dilolo, imeanza tena kubeba shaba ya Kolwezi. Ni habari njema. Lakini reli haitayaondoa malori kesho, na dereva anahitaji kulala leo.

Pesa je? Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo, makampuni yanatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Na magari yenyewe yanalipa peaje. Kati ya mafungu yote hayo, uwanja wenye uzio, taa, vyoo, bomba la maji na walinzi si mzigo wa kushinda jimbo.

Tena uwezo wa kupanga tunao. Mwaka 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje tangu Februari, kisha Oktoba ikaweka viwango: tani 96,600 kwa mwaka 2026, kila kampuni na fungu lake. Nchi inayoweza kuhesabu kobalti hadi tani ya mwisho inaweza pia kuhesabu malori na vitanda.

Ninayoomba ni matatu. Kwanza, jimbo lijenge viwanja vya kulaza malori kwenye njia ya Kolwezi, Fungurume na Likasi, na ada yake ilipwe na mwenye mzigo, isilipwe na dereva. Pili, migodi iite malori kwa zamu iliyopangwa. Lori ambalo siku yake haijafika lisiitwe kuja kulala langoni, na siku za kungoja zilipwe kama siku za kazi. Tatu, ulinzi wa mzigo usiku uwe kazi ya mlinzi, ili dereva alale.

Sisi wakazi nasi tutafaidika. Kapata ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Gécamines; haikujengwa iwe parkingi. Lori linaposimama pembeni ya njia, watoto wanapita kwenye kivuli chake, haja zinamalizwa kwenye majani nyuma ya nyumba, na usiku haijulikani nani ni dereva na nani ni mwizi. Tunawakasirikia madereva kwa hayo, wakati wao hawakupewa mahali pengine pa kwenda. Ugomvi wetu tumeuelekeza kwa mtu asiye mwenyewe.

Mama bado analo blanketi lile. Miezi ya baridi ikifika, huliweka karibu na mlango, na majirani wawili watatu wameanza kufanya hivyo hivyo. Ni utu, na ninajivunia. Lakini barabara inayopitisha utajiri wote huu haipaswi kutegemea blanketi za akina mama wa Kapata.