Nani Aliyekupa Utu?

Kijana mmoja alinijia baada ya mafundisho, akaniambia: «Mwalimu, dini hii ni ya wazungu. Walitubatiza ili tusahau sisi ni nani. Tukiacha ubatizo, ndipo tutakapokuwa watu.» Wenzake wakapiga makofi. Sikupenda kumkaripia, kwa maana neno hilo si lake peke yake. Wasomi wakubwa wanalisema pia. Lakini si kweli, na nitasema kwa nini.

Mtazameni Mwenye heri Isidori Bakanja. Alikuwa kijana wa kazi, msaidizi wa waashi kule Mbandaka, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baadaye akawa boyi wa mzungu mmoja wa kampuni, kule Ikili. Hakuwa na mali wala cheo. Alikuwa na skapulari shingoni na rozari mkononi, akawafundisha wenzake sala. Mkubwa wa shamba, mzungu, akamwamuru avue skapulari ile. Bakanja akakataa. Basi akapigwa zaidi ya fimbo mia, kwa mjeledi wa ngozi wenye misumari. Vidonda vikaoza miezi mingi, akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiisha kumsamehe aliyemtesa.

Sasa nakuuliza, kijana wangu: kama dini ni kamba ya wazungu ya kutufunga, mbona mzungu yule alitaka kuikata? Alijua vema analolitafuta. Boyi anayejua kwamba ni mwana wa Mungu atafagia nyumba, atafua nguo, atatii kazi. Lakini hatakuwa tena kitu cha bwana wake. Ndilo jambo lililomchukiza.

Wako wengine waliotaka kutugawia utu kwa karatasi. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilitunga kadi ya sifa njema kwa watu weusi, na mwaka 1952 ikaongeza daraja la juu zaidi. Mtu aliomba, akachunguzwa. Wakaguzi waliingia nyumbani mwake kuangalia jinsi anavyoishi na mkewe na watoto wake. Patrice Lumumba mwenyewe alikataliwa kwanza, ndipo akaipata mwaka 1954. Mtu mzima, baba wa watoto, anangoja aambiwe kama amestaarabika! Na tuseme kweli: wakristu wengi, nao wamesoma katika misioni, waliikimbilia kadi ile kuliko walivyokimbilia Ekaristia.

Kisha mwaka 1972 serikali ya wenyewe kwa wenyewe ikacheza mchezo ule ule kwa upande wa pili. Ikakataza majina ya Kikristu, eti ndipo tuwe watu halisi. Kardinali Malula alipopinga, ikambidi akae Roma kwa muda. Wa kwanza alisema: huwi mtu mpaka ufanane nami. Wa pili akasema: huwi mtu mpaka uvue jina la ubatizo. Wote wawili walidhani utu umo mfukoni mwao.

Sista Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenye heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, alitajwa Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta: jina la utawa pamoja na majina ya kwao. Hakuna lililofukuza lingine. Je, binti huyu aliyekataa kumpa askari mwenye bunduki mwili wake, alikuwa hajijui yeye ni nani?

Lakini kijana yule ananishinda katika jambo moja, nami siwezi kulificha. Anatuona kanisani. Jumapili moja mlinzi wa usiku, mzee mwenye koti lililochakaa, aliondolewa benchi la mbele ili mheshimiwa mmoja apate nafasi. Wote wawili walibatizwa kwa maji yale yale. Niliona, nikanyamaza, nikaendelea kuongoza wimbo. Kumbe siku ile mimi ndiye niliyemfundisha kijana maneno aliyoniambia baadaye.

Nimekwisha kwenda kwa mzee yule kumwomba radhi. Jumapili ijayo atakaa mbele, upande wangu. Mheshimiwa akichelewa, nyuma kuna mabenchi.