Shangazi, kontena na X nyekundu

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi na sababu ni kontena. Sizungumzii yale ya bandarini ambayo mhariri hunituma kuyaandikia. Hili ni moja tu, la futi 20, bluu iliyochujuka, lililokaa pembeni mwa barabara ya Bagamoyo pale Kerege. Ni mali ya shangazi yangu, na robo yake ni yangu, maana nilimchangia akiba yangu ya mwaka mzima (wanaoujua mshahara wa mwandishi wa habari watanihurumia). Wazo la kulinunua lilikuwa langu lote.

Ukipanda daladala pale Makumbusho kwenda Bagamoyo, kaa dirishani. Ukishapita Tegeta anza kuhesabu: kontena la saluni, kontena la dawa, la wakala wa pesa za simu, la fundi wa kuchomelea, la dalali wa viwanja aliyeweka feni na kalenda akajiita ofisi. Boko, Bunju, Mapinga, yanakufuata tu. Siku moja nilijaribu kuyahesabu, nikachokea Bunju. Na kila kijana niliyesoma naye chuo ambaye hajapata ajira ana mpango wa biashara, na ndani ya mpango huo kuna kontena.

Mimi ni mtetezi wa kontena na nitabaki kuwa mtetezi. Ila nadhani wengi wetu tunalinunua kwa sababu isiyo sahihi. Tunalichukulia kama nyumba ya bei nafuu. Piga hesabu vizuri: ukishalipa lori na kreni, ukakata madirisha, ukaweka dari, umeme na paa la pili ili binadamu aweze kukaa humo saa nane mchana, huo unafuu unakuwa umeyeyuka. Kinachobaki, ambacho fremu ya tofali haina, ni kwamba kontena linahamishika. Hicho ndicho unachonunua. Nitarudi hapo.

Kwanza tuwape Bagamoyo heshima yao. Tunasoma kwamba mtu aliyeubadilisha ulimwengu kwa kontena ni Mmarekani Malcom McLean, mwenye malori, ambaye tarehe 26 Aprili 1956 alisafirisha masanduku 58 ya chuma kwa meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Kabla ya hapo kupakia mzigo wa kawaida melini kuligharimu karibu dola 6 kwa tani. Kwa masanduku yale gharama ikashuka chini ya senti 20. Siri yake haikuwa chuma, ilikuwa kipimo kimoja kwa wote: lori, meli na winchi vikubaliane ukubwa wa mzigo. Sasa nenda Bagamoyo ya karne ya 19, kwenye misafara ya Tabora na Ujiji. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Majora ya merikani, shanga, nyaya za shaba, vyote vilifungwa kwa uzito huo ili mzigo wowote ukae bega lolote. Mpagazi akiugua, mwingine anapokea bila kufungua. Hilo nalo lilikuwa kontena, isipokuwa chini yake palikuwa na shingo ya mtu. (Sisifii biashara ile. Pembe na watumwa walipita njia hiyohiyo.)

Na mizigo ilipofika pwani ilikaa wapi? Kwenye majengo ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, kuta nene, ndani ubaridi hata jua likichoma. Bado unaweza kuingia kwenye yaliyobaki Mji Mkongwe wa Bagamoyo ukausikia ubaridi huo mwenyewe. Wale wazee walijua kitu ambacho mimi na shangazi hatukukijua, kwamba mwambao huu adui wa stoo ni jua, unyevu na chumvi. Mwizi anafuata baadaye.

Tulinunua sanduku lililostaafu baharini, likawekwa chini mchangani, shangazi akajaza saruji, misumari na rangi. Kilo 2,200 za chuma tupu, milango yenye makomeo manne, tukajiona tuna benki. Masika yakaja. Asubuhi moja ananipigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hili sanduku lako linavuja."

Fundi akapanda juu, akarudi anakuna kichwa. Hakuna tundu hata moja. Kumbe lilikuwa linatoa jasho. Mchana hewa ya ndani inapata joto na kunywa unyevu, usiku bati linapoa, unyevu unaganda kwenye dari kisha unadondoka. Mabaharia wanaita mvua ya kontena na wanaijua miaka yote. Sisi tuliijua kwa mifuko 37 ya saruji iliyogeuka mawe. Tulikuwa tumeipanga moja kwa moja sakafuni, imebanana na ukuta. Nilitaka ardhi inimeze.

Basi niliyojifunza kwa hasara hiyo nayasema hapa bure. Kontena liinuliwe, likae juu ya matofali au mataruma kwenye pembe zake nne, hewa ipite chini. Nguvu yake yote iko kwenye nguzo hizo za pembeni. Ndiyo maana melini yanapangwa ghorofa kadhaa yakiwa yamejaa bila kubonyea, ilhali paa lake ni bati la milimita mbili hivi ambalo ukirundika vitu juu linalegea. Ukuta nao unasaidia kubeba, kwa hiyo fundi akikata dirisha kubwa bila kuweka fremu ya chuma kwanza, anakata mfupa. Madirisha yawe mawili yanayotazamana, kwa kufuata upepo: hapa kwetu kusi inavuma miezi ya katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na wavuvi wa Mlingotini watakuonyesha kwa kidole unakotoka.

Halafu paa la pili. Hili ndilo lingetuokoa. Nyanyua mabati au makuti juu ya kontena, acha nafasi ambayo hewa itapita, chomoza kingo ili kuta zipate kivuli. Kwa ofisi mimi ningechagua makuti na rangi nyeupe, ila kama jirani yako ni mama lishe au fundi wa kuchomelea, weka bati, moto haubembelezi. Mzigo uwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Kutu usiingoje ikukute, chumvi ya bahari hapa haipumziki.

Ukipata kontena la baridi lililokufa mashine, usilidharau. Kuta zake zina sponji la kuzuia joto tangu kiwandani, kwa hiyo kwa stoo au ofisi linaweza kukufaa kuliko lile la kawaida. Ila halipumui kabisa, lazima ulitoboe. Nikiwa na mtaji ningeliweka moja Kiwangwa, kwenye mananasi, nikalirudishia mashine. Wakulima wa kule wanauza haraka kwa bei ya dalali kwa sababu nanasi halingoji.

Jambo la milango nisilipite. Milango ya kontena ilitengenezwa kwa mzigo, inafungwa kwa nje tu. Mtu akikufungia ndani, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, huna pa kushika. Kama kuna mtu anafanya kazi humo, weka mlango wa pili unaofunguka kutokea ndani. Na sakafu ni plaiwudi iliyotiwa dawa ya wadudu. Jina la dawa mara nyingi limeandikwa kwenye kibati cha mlangoni. Anayetaka kuweka unga au mchele aifunike kwanza.

Na karatasi, ndugu zangu, karatasi! Kontena huingia nchini kama chombo cha kubebea mzigo. Likibaki kuuzwa huku linageuka bidhaa na lina ushuru wake. Kila moja lina namba: herufi nne, ya mwisho kwa kawaida ni U, kisha tarakimu saba. Hakikisha namba hiyo ndiyo iliyo kwenye nyaraka za muuzaji. Tunaishi kwenye nchi ambayo Novemba 2015 Waziri Mkuu Majaliwa alitua bandarini na kukuta makontena 349 yametoka bila kulipiwa kodi. Usitake lako liwe la 350.

Sasa X. Mwezi uliopita walikuja watu na kopo la rangi nyekundu. Kontena la shangazi likapigwa X, na fremu sita za tofali za jirani yake mzee mmoja mstaafu zikapigwa X. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati. Sisi tulikuwa ndani ya mstari. Yule mzee pia. Siwezi kusema tumeonewa, kwa sababu tungeweza kupima na hatukupima. Tulimwamini aliyetuuzia nafasi.

Lakini tazama tofauti. Siku ya mwisho lori lenye kreni lilifika saa mbili asubuhi, minyororo ikafungwa pembe nne, saa tatu kasoro kontena likawa juu ya lori na misumari yake ndani. Yule mzee alitoa milango na mabati, akasimama kuangalia kiinua mgongo chake kikigeuka kifusi. Sikuweza kupiga picha, na kupiga picha ndiyo kazi yangu.

Hapo nikaelewa kwa nini barabara yote ile imejaa makontena. Watu hawakuyapendea uzuri. Hawana uhakika na ardhi. Huku kwetu uhakika una historia yake: Machi 2013 tukasainiwa bandari kubwa ya Bagamoyo, Oktoba 2015 jiwe la msingi likawekwa, Juni 2019 Rais Magufuli akasema masharti yale anayakubali kichaa tu, Juni 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yanafufuliwa. Katikati ya hayo yote mtu wa Zinga anatakiwa aamue: ajenge au asijenge? Akinunua kontena simshangai. Bandari iliyotajwa kwa makontena milioni 20 kwa mwaka ilimletea la kwanza kwa lori, kutoka Dar.

Ninachotaka kwa halmashauri zetu ni kitu kidogo. Waache kuyaona makontena kama takataka za kusogezwa. Oktoba 2021 wamachinga walipoondolewa barabarani Dar, tuliona jinsi watu walivyohamishwa kwanza na maswali ya wateja, vyoo na umeme yakafuata. Kontena linatoa nafasi ya kufanya kinyume. Tenga eneo nje ya hifadhi, karibu na kituo cha daladala, mwaga kifusi, weka mita za umeme, choo na mtaro, mpe mtu mkataba wa miaka mitano kwa nafasi ya mita sita kwa mbili na nusu, mtoze kodi. Mji ukilihitaji eneo, mkataba ukiisha kila mtu anainua lake. Bishkek kule Kyrgyzstan kuna soko la Dordoy, makontena juu ya makontena, la chini duka, la juu stoo. Christchurch, New Zealand, tetemeko la Februari 2011 lilipobomoa katikati ya mji, Oktoba mwaka huohuo maduka yakafunguliwa ndani ya makontena, wakayatumia hadi Januari 2018, wakayaondoa.

Najua ofisa mmoja atasema ukiwapa eneo watang'ang'ania milele. Wengine watang'ang'ania kweli. Mimi mwenyewe nimeona makontena yaliyomwagiwa zege chini na kuunganishwa ukumbi wa tofali, yaani mtu amenunua kitu kinachohamishika halafu akakizika. Huyo X ikija atalia kama yule mzee, na nitamhurumia kidogo tu.

Shangazi amepata uwanja wa kukodi ndani kidogo, upande wa Zinga, nyuma ya nyumba ya mtu. Wateja watapungua, anajua. Mataruma ya kuliinulia tumeshapata, makuti bado tunabishania bei. Lori linarudi Jumamosi, na amenituma kitu kimoja tu nitoke nacho mjini: futi kamba ya mita 30. Anasema safari hii anapima mwenyewe, kuanzia katikati ya lami.