Chema Nacho Hutembezwa

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii, ambayo sisi walimu huifundisha kila mwaka, yaweza kuwaponza vijana wetu wanaobuni michezo ya kompyuta na ya simu. Anayeiamini neno kwa neno hudhani kwamba kazi ikikamilika wanunuzi watajileta. Wasipokuja, huishusha bei hadi ikawa bure.

Na tuwatazame mafundi wa samani wa Dagoretti Corner. Fundi hakifichi kitanda nyuma ya karakana; hukiweka kando ya Barabara ya Ngong, mpita njia akakigusa na kuuliza bei. Naye huijua gharama ya mbao na ya siku zake, hivyo anajua mahali pa kukomea katika kupatana.

Mbunifu wa michezo naye apige hesabu. Mnamo Julai 2021, kampuni ya Google ilianza kukata asilimia 15 ya dola milioni moja za kwanza anazopata mbunifu kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, mchezo wa Sh100 humbakishia Sh85 kabla ya kodi. Ikiwa gharama yake ni Sh300,000, anahitaji wanunuzi 3,530. Akiuza kwa Sh50, atahitaji 7,059. Je, nusu ya bei itamletea wateja maradufu? Ikiwa hana hakika, asiharakishe kushusha. Afadhali hatua ya kwanza ya mchezo iwe bure, mteja aonje, kisha iliyosalia ailipie kwa M-Pesa.

Suala la pili ni lugha. Mchezo wa Nairobi X, uliotolewa mwaka wa 2015, ulibeba tangazo katika jina lake: mkazi wa jiji alijua mara moja kwamba unamhusu. Kinyume chake, tangazo linaloorodhesha programu zilizotumika humfaa mbunifu mwenzake tu. Anayemlenga kijana wa Kawangware amweleze, kwa Kiswahili kinachoeleweka, atakachofanya katika mchezo huo na bei yake.

Walimu wa Kiswahili wana nafasi hapa. Katika somo la insha, wanafunzi waandike matangazo ya kazi zao wenyewe, wataje bei na kuitetea mbele ya darasa. Nao wanafunzi wainunue kazi ya mwenzao badala ya kuiomba. Kijana asiyeweza kuitaja bei ya jasho lake bila haya atapangiwa bei na wengine, nao hawatamhurumia.